NANI ALIUBEBA MJI MKONGWE?

Ndugu wanachama, wako watu siku hizi wanaotuambia kwamba historia ya nchi hii imekwisha andikwa, imepakwa chokaa, imewekewa taa za umeme na bei yake imebandikwa mlangoni, na kwamba kazi iliyobaki kwetu wananchi ni kununua tikiti, kuingia kwa adabu, kutazama na kutoka. Twasema hapana. Historia ikitiwa sokoni huuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Muuzaji humwonyesha mnunuzi upande ule anaoupenda mnunuzi, na upande wa pili huugeuzia ukutani. Nazungumzia Mji Mkongwe wa Unguja, na nazungumza nikiwa mtu wa Kolandoto, mkoa wa Shinyanga. Ikiwa kuna msomaji anayejiuliza Msukuma ana haki gani ya kuusemea mji wa pwani, na asome mpaka mwisho.

Nilikwenda kule kwa shughuli za chama, na zilipokwisha nikabakiwa na siku mbili kabla ya kupanda boti. Mimi ni mwalimu kwa mafunzo, na mwalimu akipata siku mbili za bure huzitumia kutafuta cha kufundishia. Basi nikajiunga na kikundi cha watalii, Wazungu sita na mama mmoja wa Nairobi pamoja na binti yake. Nililipa nilichotakiwa, nikatembezwa tangu asubuhi hata adhuhuri. Nilionyeshwa milango ya nakshi yenye vichwa vya shaba. Nilionyeshwa nyumba ya Tippu Tip kule Shangani. Nilisimuliwa habari za Binti Sultani Salme aliyetoroka na Mjerumani. Nilionyeshwa nyumba ya kumbukumbu ya mwimbaji Freddie Mercury, iliyofunguliwa mwaka 2019, maana alizaliwa Unguja mwaka 1946. Nilipelekwa nyuma ya Kanisa la Anglikana, mahali palipokuwa soko la watumwa. Kote huko maduka yalikuwa yametupanga kushoto na kulia: vikoi, viungo ndani ya vijikapu, vinyago, na picha za Tingatinga zikining'inia ukutani kana kwamba zilianza kuchorwa katika vichochoro vile vile. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam, akafa mwaka 1972. Lakini mgeni haulizi, na muuzaji hasemi.

Kwa masaa manne nilisikia majina ya masultani, mabalozi, wamisheni, wafanya biashara na binti wa mfalme. Nilisikia utajiri wa mji ule ulitoka katika karafuu na pembe za ndovu. Hapo nikamwuliza kijana aliyetutembeza:

“Ndugu yangu, pembe hizo zilifikaje hapa?”

“Kwa misafara kutoka bara, kaka.”

“Na nani aliyezibeba?”

“Watumwa.”

“Wote walikuwa watumwa?”

Akacheka kidogo, akashusha sauti ili wageni wasisikie. “Kaka, hayo hayamo katika maelezo yetu. Wageni hawaulizi.”

Simlaumu kijana yule hata kidogo. Alikuwa mstaarabu, ajua lugha nne, na anatafuta riziki yake kwa jua. Ninawalaumu wale waliomwandikia maelezo.

MIZIGO YA FRASILA MBILI

Na tuseme basi yale ambayo hayamo katika maelezo. Katika karne ya 19 pembe za ndovu hazikufika pwani kwa gari wala kwa punda. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, na barabara hazikuwapo ila njia za miguu. Pembe zilifika juu ya mabega ya watu, na watu hao, kwa maelfu kila mwaka, walikuwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Frasila moja ni kama kilo 16. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Kutoka Tabora hata Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800, mwendo wa miezi miwili mpaka mitatu kwa kutegemea mvua, vita na njaa ya njiani. Mbele alitangulia kirangozi na manyoya kichwani, nyuma yake wabeba pembe, halafu wenye vitambaa, shanga na masango. Wakifika pwani wakivuna malipo yao waliyageuza kuwa merikani na majembe, wakarudi kwao kulima, na baada ya mavuno wakaondoka tena.

Wengi wa watu hao hawakuwa watumwa. Walipatana ujira, walikubali na walikataa. Tajiri akiwapunja posho waliweka mizigo chini wakakaa, na wengine walitoroka usiku wakamwacha na mali yake katikati ya pori. Hayo si maneno yangu ya kujisifia kabila. Mwanahistoria Stephen Rockel alitoa kitabu kizima juu yao mwaka 2006, akaonyesha kwamba hao walikuwa wafanya kazi wa ujira wenye desturi zao, sheria zao za njiani na ujuzi wao. Kwa maneno mengine, wafanya kazi wa kwanza wa nchi hii waliojua kugoma hawakuwa makuli wa bandarini wala watu wa reli. Walikuwa babu zetu, na pembe begani. Chama cha wananchi kinachosahau jambo hili kinajikata mizizi chenyewe.

Hapa kwetu Kolandoto yuko mzee wa zaidi ya miaka 80 ambaye bado husimulia aliyoyapata kwa babu yake, kwamba kijana asiyefika pwani hakuhesabiwa mtu mzima, na wazazi wa binti walimtazama kwa mashaka. Wasafiri wa Kizungu waliopita Unyamwezi waliandika jambo hilo hilo, na waliandika pia kwamba watoto walizoezwa kubeba vipembe vidogo tangu wakiwa wadogo. Nilipomsomea mzee huyo habari hizo alishangaa kwamba kuna mtu aliyeona haja ya kuziandika.

Na pembe zikifika Unguja zilikwenda wapi? Sultani Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza akafika Unguja. Meli zilileta kitambaa kilichofumwa Massachusetts, ndicho tulichokiita merikani mpaka leo, zikarudi na pembe. Katika jimbo la Connecticut kuna mji ulioitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, kwa sababu viwanda vyake vilikata pembe kuwa vibonye vya piano. Basi mtoto wa tajiri kule Marekani alijifunza muziki kwa vidole vilivyogusa mzigo wa Mnyamwezi. Na fedha iliyobaki Unguja ikageuka kuwa majumba ya mawe, milango ya nakshi na roshani. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na wafanya biashara wa Tabora na kuikata njia ya Ujiji, wakubwa wa Unguja walitetemeka, maana walijua vema tumbo la mji wao lilikuwa limefungwa kwa kamba iliyotoka kwetu.

Hata Livingstone, ambaye nyumba aliyokaa Unguja huonyeshwa kila mgeni, alirudi pwani maiti mabegani mwa Waafrika. Alikufa mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao wakaupeleka mwili wake kupitia Unyanyembe mpaka Bagamoyo, na kutoka hapo ukavushwa Unguja. Jina la aliyebebwa wote wanalijua.

Wala tusijifanye malaika. Watemi wetu nao waliuza watu, na katika misafara ile walikuwamo waliofungwa minyororo pamoja na waliopatana ujira. Tippu Tip mwenyewe hakuwa mgeni kwetu, kwa kuwa baba yake alikaa Tabora na alimwoa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mambo yalichanganyika. Lakini ndiyo sababu tunataka yasemwe yote. Anayetuonyesha Mwafrika katika minyororo peke yake, halafu akatuonyesha Sultani na Mzungu katika fahari peke yao, amemfundisha mgeni kwamba sisi katika historia hii tulifanywa tu, hatukufanya lolote.

KINACHOJENGWA KWA AJILI YA MACHO

Nirudi katika uwanja wa kanisa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo wamisheni wa Kiingereza wakaanza kujenga kanisa mahali pale. Hilo ni kweli, na kila mtu mwenye moyo hana budi kusimama pale kimya. Mwaka 1998 mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs, aliweka shimoni sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, na nakiri nilipoziona sikuweza kusema. Lakini hatua chache kutoka hapo mgeni huteremshwa katika vyumba viwili vya chini, vya giza, vyenye dari la kumfanya mtu ainame, akaambiwa humu watumwa walifungiwa wakingoja mnada. Wako wanahistoria wanaoeleza kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisheni miaka mingi baada ya soko kufungwa. Ikiwa ni hivyo, mtumwa gani aliyengojea mnada humo?

Msomaji atasema, huyu anatetea biashara ya watumwa. La hasha! Mateso ya watu wetu ni ya kweli mno, hayahitaji chumba cha kuazima. Ukimwonyesha mgeni giza lisilo lenyewe kwa sababu giza linalipa vizuri, siku atakapogundua atakushuku hata katika yale ya kweli, na watakaoadhirika ni wale waliouzwa.

Si Unguja peke yake, na tusidhani ugonjwa huu ni wa wanyonge tu. Wachina, ambao ni taifa kubwa lenye miji ya kale kuliko yetu, wameupata pia. Katika mkoa wa Yunnan uko mji wa Lijiang, wa kabila la Wanaxi. Mwaka 1996 tetemeko liliupiga, ukajengwa tena, na mwaka 1997 ukaandikwa katika Urithi wa Dunia. Watalii wakamiminika. Wenyeji wakakodisha nyumba zao kwa wafanya biashara waliotoka mbali, wakahamia mji mpya. Mitaa ikabaki na taa nzuri, na maduka yanayouza vitu vile vile duka hata duka. Kaskazini huko, katika mji wa Datong, meya aliamua tangu mwaka 2008 kuujenga upya ukuta wa kale. Maelfu ya kaya wakahamishwa ili ukuta upate nafasi. Ukuta umesimama, mrefu na mnyoofu, na mgeni hupanda juu yake kupiga picha. Basi mkubwa na mdogo wameingia mtego mmoja, wa kuujenga mji kwa ajili ya macho ya anayepita na kumwambia anayekaa apishe.

MAMBO MSIIGE

Unguja, kwenye ukingo wa bahari pale Shangani, liko jumba la katikati ya karne ya 19 liitwalo Mambo Msiige. Jina lenyewe, msomaji, lina sauti ya onyo. Kwa miaka mingi jumba hilo lilikuwa mali ya umma na ofisi za serikali zilikuwamo. Kisha likatolewa kwa wenye mitaji, jengo jipya likabandikwa ubavuni pake, na mwaka 2015 likafunguliwa kuwa hoteli ya Park Hyatt. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika juu ya jengo lile jipya na madhara yake kwa mji, lakini saruji ilikuwa imekwisha kauka. Leo mtoto wa Malindi au wa Ng'ambo akitaka kuliona kwa ndani jumba ambalo jana mama yake aliingia na karatasi yake mkononi, itambidi kwanza amweleze bawabu shughuli yake.

Hilo ndilo jengo lililopona. Jengo ambalo halikuuzwa lilipatwa na nini? Beit al-Ajaib, Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa na umeme na lifti wakati miji mingi ya Afrika Mashariki haijui hata taa ya gesi. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliupiga mzinga mji kwa dakika zisizotimia hata saa moja, na baada ya vita vile Beit al-Ajaib ikafanyiwa matengenezo ikapata mnara wa saa uliokuwa mbele yake. Wakoloni wakafanya ofisi humo. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ikawa ya wananchi, na mwishowe ikawa makumbusho. Ukumbini uliwekwa mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba, ulioundwa upya mwaka 2003 na mafundi waliofuata kazi ya wazee. Watu waliona nyufa, sehemu zake zikadondoka, wakaandika, wakalalamika. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele ukaanguka pamoja na mnara, watu wawili wakafa.

Tazama basi mizani hii. Jumba lililoweza kuleta faida kwa tajiri lilipata saruji. Jumba lililokuwa na historia ya kila mtu lilingoja mpaka likaangukia watu. Na katikati ya hayo mawili ziko nyumba za kawaida, za mawe ya matumbawe na chokaa, ambamo baada ya 1964 ziliingia familia za wanyonge, chumba kimoja familia moja. Nyumba hizo zinavuja. Mwenye nyumba hana, mpangaji hana, na anayekuja na fedha mkononi anataka nyumba tupu. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 ili kuuhifadhi mji. Twaiheshimu. Lakini mji hauhifadhiwi kwa kuhifadhi mlango huku aliyekuwa akiufungua kila asubuhi amehamia Fuoni.

Na Ng'ambo? Urithi ulioandikwa mwaka 2000 ni ule wa upande huu wa Darajani. Upande wa pili, walikokaa makuli, wapagazi waliobaki, wapishi, wachukuzi wa maji na wapalilia mikarafuu, wakiwamo Wanyamwezi waliovuka bahari kutafuta kazi, uko nje ya mpaka. Waliojenga wako ng'ambo ya mstari. Waliojengewa wako ndani.

WANAOTUPINGA

Najua watakayosema. Watasema utalii unaingizia Zanzibar fedha za kigeni kuliko karafuu. Ni kweli, na hatutaki kijana yule mwenye lugha nne akae barazani bila kazi. Tunachouliza ni nani aamuaye kinachoonyeshwa, na mapato yanakwenda ukuta upi. Watasema nyumba zikiachwa zitaanguka, heri hoteli kuliko kifusi. Lakini Zahanati ya Kale, aliyoianza Tharia Topan mwaka 1887, ilikarabatiwa miaka ya 1990 bila ya kugeuzwa vyumba vya kulala matajiri. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa ikafunguliwa tena mwaka 2009, na jioni hata leo utawakuta watoto wa Unguja wakijirusha baharini pale, na mama zao wamekaa ukutani wakila urojo. Kwa hiyo yawezekana. Kinachokosekana ni nia.

Watasema pia, na hao ndio wabaya zaidi, kwamba maneno kama yangu yanachochea watu wa bara wachukie watu wa pwani, au Waafrika wachukie Waarabu na Wahindi. Hapana! Fundi wa Kihadhrami aliyepaka lipu, seremala wa Kihindi aliyechonga mlango, Mswahili aliyechoma chokaa na mpagazi aliyeleta pembe walikuwa kazini pamoja, na wote wanne wametolewa katika hadithi kwa pamoja. Amebaki mwenye jumba peke yake. Hata urekebishaji wa Beit al-Ajaib Serikali ya Oman imejitolea kuugharamia, nasi twashukuru kama watu waungwana washukuruvyo. Lakini anayelipia chokaa asipewe na kalamu.

Sisi wa Shinyanga tunalijua jambo hili kwa uchungu maalumu. Mwaka 1947 kule Mwadui, karibu kabisa na Kolandoto, ilichimbwa almasi ya rangi ya waridi. Mwenye mgodi, John Williamson, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya arusi. Dunia nzima inaliita jiwe lile kwa jina la Williamson. Aliyeliinua udongoni hakuna anayemtaja. Pembe na almasi, karne mbili mbalimbali, na tabia ni ile ile.

Lakini sisi pia tuna mfano mzuri wa kuwaonyesha wenzetu. Pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Kanada alisaidiana na wazee wa Kisukuma kukusanya ngoma, viti vya watemi na zana za kazi, na moja ya majengo yake lina umbo la kiti cha utemi. Kila mwaka sikukuu ya Bulabo ikifika, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na hawachezi kwa sababu mtalii amefika. Akifika, na atazame. Asipofika, ngoma inapigwa vile vile, na vumbi linapanda vile vile. Sisemi Bujora haina shida, maana fedha zake ni chache na paa zake zinataka mikono. Nasema tu kwamba pale mwenye ngoma ndiye anayeipiga. Siku ngoma za Bulabo zitakapohamishiwa ukumbi wa hoteli ili zipigwe robo saa kabla ya chakula cha usiku, nasi tutakuwa na Mambo Msiige yetu.

Sasa basi, tunataka nini? Beit al-Ajaib ilianguka, na ilipofika zamu yangu kupita pale niliikuta imezungukwa na mabati na majukwaa ya mafundi. Jengo linapojengwa upya ndipo mahali pa kila kitu hupangwa upya, na kikishapangwa hukaa miaka 100. Tunataka humo chumba cha wapagazi. Kiwe chumba kamili, si kona moja chini ya ngazi. Mgeni aukute mzigo wa frasila mbili na aruhusiwe kuuinua begani, ajue maana ya neno utajiri. Kiwepo kitambaa cha merikani, jembe, masango, ramani ya njia ya Tabora, Ujiji na Ziwa, na maneno yaliyoandikwa kwa Kiswahili kwanza. Watembeza wageni wapewe mafunzo na maelezo mapya. Majumba ya umma yaliyobakia Mji Mkongwe yasikodishwe tena kabla ya wakazi wa mtaa kuulizwa. Na sehemu ya ada za watalii iende moja kwa moja katika paa zinazovuja za wapangaji, kwa hesabu itakayobandikwa hadharani.

Wabunge na Wawakilishi wetu watapelekewa maombi haya kwa maandishi, yenye sahihi. Lakini maombi matupu hayana nguvu kama ushahidi. Hivyo matawi yote ya Shinyanga, Kahama, Nzega na Tabora yanaombwa kufanya kazi moja kabla ya mwezi huu kwisha. Kila tawi lichague vijana wawili wenye mwandiko safi, waende kwa wazee, waulize majina: nani katika ukoo alikwenda pwani, na nani, alibeba nini, alilipwa nini, alirudi au hakurudi. Jina la mtu, la baba yake, na la kijiji. Tawi la Kolandoto limekwisha pata majina 11. Madaftari yaletwe kwa katibu wa wilaya, nami nitayachukua mwenyewe kuyapeleka Unguja.